Gari la Zamani Halikudumu kwa Sababu ya Chuma

Pita popote palipoegeshwa Peugeot 504 au Land Rover ya miaka ya sabini, hutakosa kumsikia mtu akisema: "Hicho ndicho chuma! Magari ya siku hizi ni bati tupu." Walio karibu naye wataitikia, na mjadala utakuwa umekwisha kabla haujaanza. Kauli hii imerudiwa mno hadi hakuna anayeiomba ushahidi. Mimi naipinga. Magari yale yalidumu kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa wakiyafungua, wakiyasafisha, wakiyatia grisi na kuyarekebisha kila baada ya kilomita chache. Imani ya chuma imewafuta watu hao katika hadithi, na sasa inayamaliza magari machache yaliyobaki.

Tuanze na hicho chuma chenyewe. Land Rover ya kwanza ilitoka mwaka 1948, wakati Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa mgao baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Waundaji wake wakaamua kutumia mchanganyiko wa alumini kwenye bodi, na desturi hiyo ikaendelea kwa miongo mingi. Sehemu za chuma ni chasisi na ule ukuta unaotenga injini na abiria, na hizo ndizo zinazooza kwanza, hasa kwetu pwani kwenye upepo wa chumvi. Anayeipiga ubavuni kwa kofi na kuisifu kwa chuma anasifu alumini.

Na pale palipokuwa na chuma kweli, je, kilimlinda mtu? Mwaka 2009 taasisi ya Marekani inayopima usalama wa magari kwa niaba ya kampuni za bima, IIHS, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya mwaka 1959 na Chevrolet Malibu ya mwaka 2009, yote mawili yakienda kilomita 64 kwa saa. Bel Air ni gari refu, zito, la aina ile ile tunayoiita chuma. Chumba cha dereva kilikunjamana na usukani ukasukumwa kumwelekea dereva. Sanamu iliyokaa ndani ilionyesha kwamba mtu halisi asingepona. Dereva wa Malibu angetoka na jeraha la mguu. Bati nene si ulinzi. Ulinzi unatokana na jinsi gari linavyopangwa likunjike mbele na lisikunjike pale alipokaa mtu, na elimu hiyo ilienea baadaye.

Hapa Afrika Mashariki tulikuwa na mtihani wetu wenyewe wa chuma: mashindano ya Safari Rally. Mwaka 1963 magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Mwaka 1968, tope na mafuriko yakiwa yamekata njia, yalifika tena 7. Mengine yalivunjika, yalizama au yaliachwa porini, mengi yakiwa mapya, yakiwa na chuma chote mnachokisifu leo. Mwaka 1965 mshindi alikuwa Joginder Singh wa Kenya, aliyeendesha na nduguye Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, nao wakayashinda magari mapya. Joginder alikulia katika gereji ya baba yake na alikuwa fundi kabla hajawa dereva maarufu. Hayo ndiyo tunayopaswa kuwasimulia watoto: gari lililotumika, likiwa mikononi mwa anayelijua, lilishinda mapya.

Watetezi wa chuma watauliza, mbona bado yapo barabarani? Tunayaona yaliyobaki. Yaliyokufa yalikatwa, yakapimwa kwa kilo kama chuma chakavu, yakayeyushwa. Volkswagen Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 kabla ya ile ya mwisho kutoka kiwandani Puebla, Meksiko, Julai 2003, na nyingi zilifika kwetu. Leo zinazotembea mjini kwako ni za kuhesabu. Ukimkuta mwenye nayo, muulize anavyoishi nayo. Injini ile hupozwa kwa upepo na huchukua lita 2.5 tu za oili. Haina filta ya oili kama magari ya leo, ina wavu wa kuchuja tu, kwa hiyo oili hubadilishwa kila kilomita 5,000. Mwanya wa vali lazima upimwe na kurekebishwa mara kwa mara, injini ikiwa imepoa. Pointi za distributa husagika na kutaka kurekebishwa. Breki za ngoma hukazwa kwa mkono. Mita yake ya umbali ilikuwa na tarakimu 5: ikipita 99,999 inarudi sifuri, maana mtengenezaji hakuona haja ya tarakimu ya sita. Mwaka 1969 John Muir alitoa Marekani kitabu kizima cha kumfundisha mtu wa kawaida kuiweka Volkswagen yake hai, na kilipata wasomaji wengi mno. Gari lisiloharibika halihitaji kitabu cha namna hiyo.

Kuna jambo moja ambalo wapenzi wa chuma wanalihisi sawasawa, ila wanalipa jina baya. Magari yale yalifunguka. Boneti ya 504 ukiifungua unaiona kabureta, unaiona distributa, mkono unapita, na spana chache zinatosha kwa kazi nyingi. Kijana mwenye utulivu anaweza kujifunza nyumbani, chini ya mwembe, kazi ambayo kwenye gari la leo inadai kompyuta. Sifa yake kubwa ni hiyo: walioyabuni waliacha nafasi ya mkono wa mwenye gari. Lakini sifa hiyo haina faida kwa asiyeutumia mkono wake.

Madhara ya imani hii ninayaona kila mara. Mtu anarithi 504 ya marehemu baba yake, au ananunua Beetle iliyolala uani miaka mingi. Kwa kuwa "ni chuma", anaamini kiini chake ni kizima na kinachohitajika ni sura. Pesa yote inakwenda kwenye rangi, viti na rimu. Mabonde na matundu ya kutu yanajazwa puti, rangi inapigwa juu, picha zinapigwa, gari linaendeshwa harusini. Chini yake kutu inaendelea kula. Kwenye Beetle betri hukaa chini ya kiti cha nyuma, na asidi yake hutafuna sakafu pale pale, mahali ambapo mpiga rangi hafiki. Baada ya muda gari linakata moto, linarudishwa uani, na mwenye nalo anasema magari ya zamani ni hasara. Si kweli. Alianza kazi kutoka mwisho.

Kazi ya kulirudisha gari la zamani nyumbani ina mpangilio, na mpangilio huo unaanza na vile vinavyoua. Breki ni za kwanza. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na unyevu huleta kutu ndani ya silinda za breki. Mipira inayopeleka mafuta hayo huvimba ndani huku nje ikionekana mizima, na gurudumu hukamata lenyewe. Badilisha yote bila kuibembeleza. Kisha njia ya petroli: mpira mkongwe wa petroli ukipasuka juu ya injini ya moto, gari linaungua lote, na Beetle nyingi zimeteketea kwa sababu hiyo. Kisha upozaji: 504 ina silinda hedi ya alumini juu ya bloku ya chuma, na anayejaza rejeta maji matupu ya bomba bila dawa ya kuzuia kutu anaiozesha injini kwa mkono wake. Kisha umeme, kisha chasisi na sakafu. Rangi ni ya mwisho. Na usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi imara, kwa sababu uzito huo unaousifu hautakuonea huruma.

Hata petroli yenyewe imebadilika. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye madini ya risasi mwanzoni mwa 2006, kufuatia azimio la Dakar la mwaka 2001. Ulikuwa uamuzi mwema kwa afya za watoto wetu, na hakuna anayepaswa kuujutia. Lakini baadhi ya injini za zamani zilitegemea risasi hiyo kulinda mahali vali inapokalia kwenye silinda hedi. Pasipo risasi, mahali hapo hulika, mwanya wa vali huziba, vali haifungi sawasawa na mwishowe huungua. Dawa yake ni kupima mwanya mapema na mara kwa mara, na ukifika wakati wa kuifungua hedi, kuiwekea vikalio vigumu. Anayeamini chuma hapimi. Anasubiri kishindo.

Imani hii pia inawapunja mafundi. Kule Gerezani, Dar es Salaam, na Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, wapo watu ambao kwa miaka wamechonga, wamechomelea na kuunda upya vipuri ambavyo hakuna duka linaloviuza tena. Gari likitembea, tunamsifu aliyeliunda na chuma chake. Likisimama, tunamlaumu fundi. Maarifa yao mengi hayajaandikwa popote, na wanazeeka. Chuma kinapatikana popote, lakini sikio linalotambua vali iliyobana kwa mlio tu huchukua nusu ya maisha kulea.

Kwa hiyo wewe mwenye gari la zamani uani, mwaka huu acha kwanza rangi. Nunua mipira ya breki, mafuta mapya, filta na daftari. Katika daftari hilo andika kila oili iliyobadilishwa, kila mwanya uliopimwa na tarehe yake, kwa maana wahenga walikwisha kusema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mwite fundi mzee aje nyumbani, umlipe anachostahili, na binti au mwanao asimame kando yake akiwa ameshika spana. Gari litakaloishi miaka 20 ijayo ni lile lenye mtu wa kulitunza. Ukilikosesha mtu huyo, chuma chake kitaishia kwenye mizani ya chuma chakavu.