Programu Huria na Wajibu wa Kujua Kilichomo Ndani

Wahenga walisema kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hata hivyo, mtaalamu wa kompyuta hana budi kutegemea cha wenzake. Programu huria, yaani zile ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzisoma, kuzitumia na kuzibadilisha, hujengwa kwa kuazimana. Programu ya kuchora grafu huazima kazi ya kukokotoa kutoka programu nyingine, na kazi ya kusoma picha kutoka nyingine tena. Nazo hizo zina za kwao zinazozitegemea. Hivyo mwanafunzi anayesakinisha programu moja huenda akaingiza kumi bila kujua. Kutegemea si kosa. Kosa ni kutegemea pasipo kujua.

Mfano ulio wazi ni wa mwezi Machi 2016. Mtungaji mmoja, baada ya kutofautiana na wasimamizi wa ghala la programu liitwalo npm juu ya jina la programu yake nyingine, aliondoa kazi zake zote humo. Miongoni mwazo ilikuwamo left-pad, programu yenye mistari 11 tu, ambayo kazi yake ni kuongeza herufi upande wa kushoto wa neno hadi lifikie urefu unaotakiwa. Mara moja, ujenzi wa programu nyingi katika nchi mbalimbali ukakwama, na wasimamizi wakalazimika kuirudisha baada ya saa mbili hivi. Wengi wa waliokwama hawakuwa wamewahi kulisikia jina lake.

Baadhi ya wataalamu hushauri kwamba kila programu ibebe ndani yake nakala ya vyote inavyovitegemea. Njia hiyo huondoa usumbufu wa siku ya kwanza, lakini huficha maradhi. Mwaka 2002 iligunduliwa hitilafu ya usalama katika zlib, programu ya kubana data. Palipokuwa na nakala moja ya pamoja, ilitosha kubadilisha nakala hiyo. Lakini programu nyingi zilikuwa zimekwisha kumeza nakala zao wenyewe, na kila moja ilihitaji kutafutwa na kutibiwa peke yake.

Njia iliyo bora ni ile ya mradi wa Debian, ulioanzishwa mwaka 1993. Humo kila kifurushi hutaja waziwazi vifurushi kinavyovitegemea na, inapobidi, matoleo yake. Nakala za ziada huepukwa. Msimbo asilia huhifadhiwa katika ghala la mradi wenyewe. Na kifurushi hakiruhusiwi kuchukua kitu kutoka intaneti wakati kinapojengwa.

Yaweza kusemwa kwamba nakala ya pamoja ikitiwa sumu, wote hudhurika. Hoja hiyo ina uzito. Mwezi Machi 2024, Andres Freund alishangazwa na kuchelewa kwa nusu sekunde wakati wa kuingia katika kompyuta kwa mbali. Alipochunguza, alikuta mlango wa siri uliopandikizwa katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya programu ya xz. Lakini kwa kuwa matoleo yalikuwa yameorodheshwa, kila msimamizi aliweza kujua upesi kama kompyuta zake zimo hatarini, akarudi kwenye toleo la awali. Asiye na orodha hawezi hata kuuliza swali hilo.

Jambo hili lazihusu shule zetu pia. Shule yenye kompyuta 20 na intaneti dhaifu haina sababu ya kuleta kifurushi kilekile mara 20. Yafaa kompyuta moja ihifadhi nakala za vifurushi vyote, na nyingine zisakinishiwe kutoka hapo. Na karibu yake liwekwe daftari lenye jina la kila programu, toleo lake na sababu ya kuhitajika. Isiyo na sababu iondolewe.

Katika maabara ya kemia, hakuna mwalimu anayemruhusu mwanafunzi kutumia chupa isiyo na kibandiko. Sheria hiyohiyo yastahili kufuatwa katika chumba cha kompyuta. Mwanafunzi aliyefundishwa kusakinisha tu atakwama siku ghala la mbali litakapofungwa. Aliyefundishwa kuuliza kilichomo ndani ataendelea na kazi yake.