Neno la Mhariri: Kesi ya Tiberius Isikilizwe Afrika

Kila kizazi cha wanahistoria wa Roma kina mawakili wa Tiberius, na chetu kinao wengi kupita kiasi. Utetezi wao mmeshauzoea: Tacitus alikuwa seneta mwenye kinyongo, aliyeandika miaka 80 hivi baada ya Kaisari huyo kufa, huku machungu ya enzi ya Domitianus yakiwa bado moyoni, Suetonius ni mpenda umbea wa Capri. Basi tuwaweke kando hao, tusome sarafu, mawe na hesabu. Hapo, tunaambiwa, ataonekana mtawala makini, bahili kwa faida ya umma, aliyekufa mwaka 37 akiacha hazina yenye sesterti bilioni 2.7. Kumbe idadi hiyo yenyewe tumepewa na Suetonius yuleyule.

Sikatai mema yake. Tetemeko la mwaka 17 lilipobomoa miji 12 ya Asia, Sardis iliahidiwa sesterti milioni 10 na kusamehewa kodi miaka mitano. Lakini mbona mashahidi wote huitwa kutoka upande mmoja wa bahari? Roma ilikula ngano ya Afrika. Huko ndiko ningependa kesi hii isikilizwe.

Mwaka 14 legioni ya Tatu Augusta ilijenga barabara kutoka kambi yake ya majira ya baridi hadi Tacape, katika pwani ya Tunisia ya leo. Nguzo zake za maili zinamtaja Kaisari, liwali Asprenas na legioni. Wafugaji waliokatiwa njia za malisho hawamo. Miaka mitatu baadaye Tacfarinas, Mnumidia aliyewahi kutumikia jeshi saidizi la Roma kisha akatoroka, aliwapanga watu wa kabila la Wamusulami kwa vikosi na bendera kama alivyofunzwa na Warumi wenyewe. Alipigana hadi mwaka 24. Katikati ya vita alituma wajumbe kwa Tiberius: tupeni ardhi ya kukaa, ama tupigane bila kikomo. Kaisari alighadhibika. Mtoro na mnyang'anyi anadai kama mfalme? Akamwagiza Blaesus, liwali wa Afrika, awasamehe watakaoweka silaha chini, ila kiongozi wao akamatwe kwa vyovyote vile.

Blaesus, mjomba wa Sejanus kipenzi cha Kaisari, alimkamata ndugu wa Tacfarinas, akahesabu kazi imekwisha, akapewa heshima zote. Legioni ya Tisa ikaondolewa Afrika. Roma ilikuwa na sanamu tatu za majemadari waliovikwa taji la ushindi juu ya Tacfarinas, na Tacfarinas bado anapora Afrika. Dolabella, aliyemaliza vita kweli, alinyimwa heshima hizo ili sifa ya Blaesus isififie. Huyu ndiye mtawala makini wa mawakili wetu: hesabu zake safi, upendeleo wake wazi, na dai la ardhi kalijibu kwa upanga.

Sasa, habari za dai hilo tumezipata wapi? Kwa Tacitus. Hakuna sarafu wala jiwe lililolihifadhi. Seneta huyo mwenye kinyongo, ambaye hakuwapenda waasi hata chembe, ndiye aliyeandika walichokitaka. Anayemtupa ili kumsafisha Kaisari anawatupa na Wamusulami.

Katika toleo hili, makala iliyo bora kuliko zote inahusu azimio la Seneti la tarehe 10 Desemba mwaka 20 dhidi ya Piso, seneta aliyeshtakiwa kwa uhaini, lililopatikana Hispania likiwa limechongwa kwenye shaba. Mwandishi anaonyesha jinsi maseneta walivyojipendekeza kwa Kaisari, kisha wakaagiza maneno yao yabandikwe hadi kwenye kambi za majeshi. Wanaosema mawe na shaba havina kinyongo waisome mara mbili. Makala ya mkopo usio na riba wa mwaka 33, sesterti milioni 100, imefanyiwa kazi nzuri, ingawa inawahurumia wakopaji wa Italia kuliko inavyonipendeza. Ile ya Capri mtaisoma hata nisipoisifia.

Hukumu yangu ni kwamba Tiberius alikuwa mtunza hazina hodari na mtawala mbaya wa watu wasio na mtetezi Roma. Asiyekubali atuandikie. Nahitaji hasa makala juu ya Wafrisi, walioasi mwaka 28 kwa sababu ya kodi ya ngozi. Nafasi yao katika toleo lijalo ipo.