TAHARIRI: TUSIIFANYE TABORA KUWA JANGWA

 

Ndugu Waislamu, katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa asili ya Oman, pamoja na Waswahili wa mwambao, walifanya makazi Unyanyembe. Hapo ndipo njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipogawanyika, moja ikielekea Ujiji na nyingine Karagwe na Buganda. Walifuata pembe za ndovu na, kwa masikitiko, watumwa pia, hilo halifichiki. Lakini katika nchi yao ya asili kuna elimu moja ambayo sisi warithi wa mji huu tunaihitaji sana leo, nayo ni elimu ya kuheshimu maji.

Oman ni nchi ya jangwa na milima mikavu. Sehemu zake nyingi hupata mvua ya kiasi cha milimita 100 tu kwa mwaka, wala haina mto utiririkao mwaka mzima. Hata hivyo watu wake wamelima mitende kwa karne nyingi kwa mifereji iitwayo falaj. Maji huchukuliwa chini ya ardhi, aghalabu penye miguu ya milima, yakateremshwa kwa mteremko wa ardhi peke yake hadi vijijini. Kwanza hunywa watu, kisha hutumika kwa usafi na ibada, ndipo yanapofika mashambani. Kila mwenye shamba ana zamu yake ya saa maalumu, iliyopimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Wako waliotoa zamu zao kuwa wakfu wa misikiti. Mwaka 2006 mifereji mitano kati ya hiyo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Sasa tuitazame Tabora. Tuko juu ya uwanda wa kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na Mola hutuletea mvua inayokaribia mara tisa ya ile ya Oman. Ila mvua hiyo hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha mbingu hufungwa. Chini yetu ni miamba migumu ya kale isiyohifadhi maji mengi, na juu yake udongo mwepesi wa kichanga. Ulinzi wetu ni misitu ya miombo, yenye mininga, mikurungu na mitundu. Misitu hiyo huvunja nguvu ya mvua, huyapa maji nafasi ya kuzama, na huwalisha nyuki waliouletea mkoa huu sifa ya asali.

Na misitu hiyo ndiyo tunayoiteketeza. Tumbaku imekuwa tegemeo la wakulima wengi wa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, na majani yake hukaushwa mabanini kwa moto wa kuni unaowaka siku kadhaa mfululizo. Juu ya hapo kuna mkaa, na kuna mashamba yanayofyekwa upya kila mwaka. Mti ukiondoka, mvua huosha udongo na kuupeleka mabwawani, na kisima hukauka kabla ya Septemba.

Wako watakaosema kwamba shida imekwisha, kwa kuwa maji ya Ziwa Victoria, yanayovutwa kutoka Ihelele, yamefika Nzega, Igunga na Tabora kwa mradi mkubwa uliogharimiwa kwa mkopo wa India. Tunashukuru kwa neema hiyo. Lakini bomba haliufikii kila mji wala kila kijiji, halinyweshi msitu, na halileti mvua shambani. Wala halimpi mtu ruhusa ya kuacha koki ya kutawadhia wazi, ilhali tumefunzwa kutofanya israfu ya maji hata tukiwa kando ya mto.

Kwa hiyo tunazitaka kamati za misikiti zifanye mambo matatu kabla ya masika yajayo. Kwanza, paa la msikiti liwekewe mifereji na tangi la kuvunia mvua. Pili, kila msikiti uwe na kitalu cha miche, na kila muumini mkulima wa tumbaku apande miti ya kuni yake mwenyewe badala ya kuvamia msitu. Tatu, maimamu wazungumzie jambo hili katika khutba, kwani mwenye kupanda mti akala kwao mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka.

Watu wa jangwa walipewa kidogo wakakigawa kwa saa. Sisi tumepewa kingi, na tutaulizwa tulikifanyia nini.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waangalifu wa amana Yake. Amin.