Bei Ikianguka, Mali Huenda Wapi?

Tarehe 19 Oktoba 1987, huko New York, kipimo cha bei za hisa cha Dow Jones kilianguka kwa asilimia 22.6 katika siku moja. Wengi waliuliza: ni nani aliyeichukua mali hiyo? Ndugu msomaji, hakuna aliyeibeba. Viwanda havikuteketea, wala mitambo haikuhama. Kilichopungua ni makadirio, yaani hisa zote kuhesabiwa kwa bei ya zile chache zilizouzwa mwisho. Aliyeuza mapema alikwisha pokea fedha za mnunuzi. Lakini deni halishuki pamoja na bei: aliyenunua kwa mkopo hubaki na hisa zilizopungua thamani na deni zima. Basi tusiyaite makadirio akiba, wala tusikope ili kuyanunua.