Chatu na Mayai Yake

Zamani kidogo, tulipokuwa tukifundisha upande wa Kabambare, wanafunzi walituita mbio kando ya mto Luama. Katika shimo la muhanga walikuwa wamemwua chatu, urefu wake wapita mita nne. Chini yake palikuwa na mayai meupe, makubwa kuliko ya bata. Watoto walishangilia, nasi tukashangilia pamoja nao, na jioni nyama ililiwa.

Laiti tungalijua siku ile tunayoyajua leo! Chatu jike huyazunguka mayai yake, pengine hamsini na zaidi, kwa muda wa miezi mitatu hivi. Mwaka 2018 mtaalamu Graham Alexander wa Afrika ya Kusini alitoa habari za ndugu wa chatu wetu, aliowachungua kwa miaka mingi. Mama hutoka shimoni kuota jua, ngozi yake imegeuka nyeusi ili ishike joto upesi; akisha kupata moto hurudi kuyapasha mayai. Muda wote huo hali kitu. Nao watoto wakisha kuanguliwa, hulala usiku katika mikunjo ya mwili wake kwa majuma mawili. Nani angalifikiri nyoka atagaye mayai huwalea wanawe hivi?

Wengi husema chatu huvunja mifupa ya mnyama. Sivyo. Wala hana sumu. Mwaka 2015 wataalamu wa Marekani walimpima nyoka mwingine anayeua kwa namna hiyo hiyo, wakaona kwamba akimkaza panya, damu yake huacha kutembea katika muda wa sekunde chache tu. Kumbe si pumzi inayokatika kwanza. Kisha humeza. Mifupa miwili ya taya la chini haikushikamana mbele, bali imeunganishwa kwa nyama inayovutika. Na wakati wa kumeza husukuma tundu la koo nje ya kinywa, apate kuvuta pumzi.

Chakula chake ni panya, ndezi, ndege, hata mbuzi mdogo. Ajuaye hasara ya ndezi katika shamba la mahindi atatuelewa. Lakini hatusemi kwamba chatu ni wa kuchezewa: mwaka 2013, huko Kanada, chatu wa Afrika aliyefugwa ndani ya nyumba alitoroka usiku akawaua watoto wawili usingizini. Basi mwana asitumwe mtoni peke yake magharibi. Na mkimkuta chatu majanini, waiteni watoto nyuma, mpisheni apite.

Hivi karibuni tulikutana sokoni Kasongo na mmoja wa wanafunzi wale, sasa ni baba wa watoto. Tukamsimulia habari hizi zote. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: «Mwalimu, na yale mayai tuliyafanya nini?»

Tulimjibu kwamba tuliyatupa mtoni.