Muhogo Huu Ni Mbegu Gani?

Ukipita Mnazi Mmoja kuelekea Kariakoo utakuta mihogo mibichi inauzwa njiani. Muuzaji huimenya, huikata vipande, na huiuza pamoja na nazi. Watu hutafuna papo hapo. Wengi huuliza bei tu. Mimi naona waulize kwanza mbegu.

Mihogo si sawa. Ipo mitamu, kama Kiroba inayolimwa Mkoa wa Pwani. Ipo pia michungu. Muhogo ukikatwa au ukitafunwa hutoa sumu iitwayo sianidi. Katika muhogo mtamu sumu ni kidogo, nayo huzidi kwenye ganda. Katika muhogo mchungu ni nyingi mpaka ndani. Tena mvua ikikosekana sumu huongezeka, hata kwa mbegu ile ile.

Wako wanaosema mihogo michungu ing'olewe yote. Sikubaliani nao. Mkulima hakuichagua kwa ujinga. Nguruwe na nyani huikwepa, na hata mwizi huifikiria mara mbili. Ikitayarishwa sawasawa hutoa unga mzuri. Ubaya ni haraka. Mwaka 1985 kulikuwa na ukame wilayani Tarime. Njaa ilibana, watu wakaanika mihogo kwa siku chache kuliko desturi. Wakapatwa na konzo. Huu ni ugonjwa wa kukakamaa miguu ghafla, na hauponi. Walioumia zaidi ni wanawake na watoto. Miaka ya mwanzo ya 2000 ugonjwa huo ulitokea Mtwara.

Soya nayo ina mambo yake. Ikiliwa mbichi huzuia tumbo kusaga chakula, na kiasi hutofautiana mbegu kwa mbegu. Lakini soya ikipikwa vizuri nguvu hiyo hupungua sana. Muhogo mchungu, kuuchemsha tu hakutoshi.

Sasa fikiri juu ya makopa. Yakichanganywa matamu na machungu, jicho haliwezi kuyatenga. Kwa hiyo nasema kila gunia liandikwe mbegu na wilaya lilikotoka. Wafanyabiashara watasema ni usumbufu. Kuandika maneno mawili ni usumbufu gani? Nawe sasa unajua kusoma. Dai gunia lenye maandishi.

Kama una unga usioujua, uchanganye na maji. Utandaze kwenye ungo au mkeka safi, unene usizidi sentimita moja. Uache saa mbili juani, au saa tano kivulini. Sumu hutoka ikaenda na hewa. Kisha songa ugali siku hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo yameweka kipimo: sianidi isizidi miligramu 10 katika kilo moja ya unga.

Na yule muuzaji wa njiani asiyejua mbegu yake? Mimi sinunui kwake muhogo mbichi. Wewe ukinunua, onja kipande kidogo kwanza. Ukisikia uchungu, tema, na usimpe mtoto.