Katanga Haikuchagua

Wapo waandishi ambao hadi leo hushikilia kwamba mwaka 1960 watu wa Katanga walichagua kujitenga na Kongo. Hesabu yenyewe yawakanusha. Katika uchaguzi wa Mei mwaka huo, Baraza la jimbo lilikuwa na viti 60. CONAKAT ya Moïse Tshombe ilipata 25. Muungano wa BALUBAKAT, chini ya Jason Sendwe, ulipata 23. Hakuna aliyefika nusu.

Sheria ilitaka theluthi mbili ya wajumbe wahudhurie ndipo serikali ichaguliwe. Upande wa Sendwe ukasusia vikao. Ndipo Bunge la Ubelgiji, mwezi Juni, uhuru ukiwa mlangoni, likaibadili sheria hiyo ili wingi wa kawaida utoshe. Tshombe akalitwaa jimbo. Tarehe 11 Julai akatangaza kujitenga, na kodi ya shaba ya Union Minière ikaijaza hazina yake.

Nitaambiwa kwamba kususia kulikuwa ukaidi. Na kuwe ukaidi! Akidi ile ndiyo iliyomlazimisha Tshombe azungumze na Sendwe. Ilipoondolewa, mazungumzo yalimfaa nini tena? Na juu ya kujitenga kwenyewe, mchimbaji wa Kolwezi hakupigishwa kura hata siku moja.

Basi anayeandika neno “walichagua” na aandike pia ni nani aliyebadili sheria baada ya kura kuhesabiwa, na shaba ilikuwa ya nani.